Kabini zenye roshani kwa abiria wa viti vya magurudumu katika meli za kitalii: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya mtu anayetumia kiti cha magurudumu muda wote au muda mwingi, na kwa ajili ya jamaa anayempangia safari, awe mtoto aishiye Ulaya au Marekani Kaskazini anayetaka kumpeleka mzazi wake baharini, au familia inayokusudia kupanda meli Dubai katika msimu wa baridi. Yanahusu meli kubwa za kitalii, ambazo abiria hulala ndani kwa siku kadhaa, na si feri za kuvukia.

Kabini ya aina hii inatofautianaje na kabini ya kawaida?

Tofauti ya kwanza ni mlango. Katika kabini nyingi za kawaida uwazi wa mlango haufiki sentimita 60, na mlango wa bafu huwa mwembamba zaidi, ilhali viti vingi vya watu wazima vina upana wa sentimita 60 hadi 70 vikipimwa kutoka ukingo wa nje wa gurudumu moja hadi ukingo wa nje wa la pili. Kabini iliyojengwa kwa ajili ya kiti cha magurudumu huwa na mlango wenye uwazi wa takriban sentimita 81, pamoja na nafasi ya kugeuzia kiti yenye kipenyo cha takriban sentimita 152. Bafuni hakuna ukingo wa kuruka: sakafu ya mahali pa kuogea iko sawa na sakafu nyingine, kuna kiti cha kukunja kilichofungwa ukutani, bomba la mvua la kushika mkononi, vyuma vya kujishikilia, choo kilichoinuliwa kidogo, na sinki lenye uwazi chini yake ili magoti yapate kuingia. Fimbo ya kutundikia nguo kabatini huwa imeshushwa.

Mlango wa tatu ni ule wa kwenda roshani, nao ndio unaosahauliwa. Wasafiri wengi huuliza juu ya mlango wa kabini na wa bafu, wakajibiwa vizuri, kisha wakafika melini na kukuta kwamba roshani waliyoilipia wanaitazama kupitia kioo. Ndiyo maana ninasisitiza kwamba milango yote mitatu iulizwe, kila mmoja peke yake, na jibu litolewe kwa sentimita.

Je, roshani si anasa tu, ambayo mtu angeweza kuiacha akapunguza gharama?

Kwa abiria anayetembea, pengine ndivyo ilivyo, kwa sababu akitaka kuiona bahari atapanda ngazi na kutoka sitahani wakati wowote. Hali ya abiria aliye kwenye kiti ni nyingine. Lifti hujaa saa za chakula na saa ya kuondoka bandarini, na wengi wanaozijaza ni watu ambao wangeweza kutumia ngazi. Milango ya kutokea sitaha za nje mara nyingi ni mizito na ina vizingiti, hasa katika meli za zamani, na kwenye sitaha yenyewe viti vya kuotea jua hupangwa hadi njia ikafungwa. Roshani yake mwenyewe ndiyo mahali ambapo atakaa kando ya bahari alfajiri bila kumsubiri wala kumwomba mtu yeyote. Nionavyo mimi, ikiwa bajeti inabana, ni afadhali kupunguza idadi ya siku za safari kuliko kuiacha roshani.

Kampuni ikisema kabini "inafikika", inamaanisha nini?

Inaweza kumaanisha mambo mawili au matatu yaliyo mbalimbali, na hapa ndipo makosa mengi hutokea. Kampuni ya Carnival, kwa mfano, hugawa kabini zake katika madaraja matatu. Daraja la kwanza ni la kabini zinazofikika kikamilifu, ambamo kiti huweza kufika pande zote mbili za kitanda. La pili lina bafu na milango ya kiwango hichohicho, lakini kitanda hufikiwa kwa upande mmoja tu. La tatu ni la watu wanaotembea kwa shida, wanaotumia fimbo au kigari cha kutembelea, na ambao kiti cha magurudumu wanakihitaji kwa masafa marefu tu. Holland America nayo ina mgawanyo unaokaribiana na huo.

Daraja la tatu ndilo la hatari kwa mtu asiyeweza kusimama, kwa kuwa linaorodheshwa pamoja na mengine chini ya alama ileile ya kiti cha magurudumu, ilhali mlango wake unaweza kuwa mwembamba na kiti kisiingie kabisa. Daraja la pili nalo lina swali lake: mtu anayehama kutoka kitini kwenda kitandani kwa kutumia upande wa kulia peke yake, kwa sababu ya kiharusi au jeraha la bega, lazima ajue ni upande upi wa kitanda ulioachwa wazi katika kabini yenye namba hiyo hasa. Kabini mbili za daraja moja katika sitaha moja huweza kupangwa kinyume, moja kuume na nyingine kushoto.

Anayetumia mashine ya kumwinua aulize pia kama kuna uwazi chini ya kitanda, kwa sababu miguu ya mashine hiyo hupita hapo, na vitanda vingine vimejengwa juu ya sanduku linalofika sakafuni. Urefu wa godoro kutoka sakafuni nao uulizwe. Kitanda kilicho juu ya kiti kwa kiasi kikubwa humfanya mtu anayehama mwenyewe nyumbani kila siku ahitaji kubebwa melini.

Niulize nini kuhusu roshani yenyewe?

Anza na kizingiti. Mlango wa roshani hujengwa ukiwa na ukingo ulioinuka ili maji ya mvua na ya bahari yasiingie ndani, na ukingo huo ukiwa hata wa kimo cha vidole vinne humzuia mtu aliye peke yake. Meli mpya nyingi zimeusawazisha katika kabini za kundi hili, au zimejenga mteremko wa kudumu ndani na nje. Katika meli nyingine mhudumu wa kabini huleta mteremko wa kubebeka na kuuweka anapoombwa. Mteremko wa namna hiyo unafaa, lakini una masharti: uwe upande wa ndani na wa nje pia, kwani wapo waliopewa wa ndani tu wakashuka vizuri na kushindwa kurudi, uwe mrefu kiasi cha kutosha ili usiwe mkali, na ubaki hapo muda wote wa safari badala ya kuchukuliwa kila asubuhi wakati wa usafi. Reli ya mlango wa kusukuma nayo itazamwe, kwa kuwa magurudumu madogo ya mbele hupenda kuzama katika mfereji wake, kiti kikasimama ghafla na mtu akayumba mbele. Ni salama zaidi kuuvuka mfereji huo kwa kurudi nyuma, magurudumu makubwa yakitangulia.

Baada ya kizingiti, uliza mlango unafunguka vipi. Mlango wa kusukuma kando hauli nafasi, lakini ukiwa mzito humshinda mtu mwenye mikono dhaifu. Mlango wa bawaba hutaka nafasi ya kujipenyeza nyuma yake, na upepo ukivuma unaweza kumponyoka mtu mkononi. Baadhi ya meli zina milango inayojifungua kwa kubonyeza kitufe, na kwa mtu asiye na nguvu za mikono hilo ndilo jibu lililo bora kuliko yote. Katika meli za Celebrity za kundi la Edge, kuna kabini ambazo roshani yake ni mwendelezo wa chumba, na kioo cha juu hushuka kwa kitufe. Wako wasioipenda kwa kuwa hawajihisi wametoka nje, lakini kwa abiria wa kiti cha magurudumu ina faida zake.

Kisha uliza kina cha roshani kutoka mlangoni hadi kwenye kinga, yaani uzio wa ukingoni unaozuia mtu asianguke baharini. Roshani ya kawaida huwa nyembamba kiasi kwamba kiti kikiingia mbele, hakigeuki, na mtu hubaki ameelekea bahari bila kuweza kumtazama mwenzake. Mwombe mhudumu aondoe kiti kimoja na meza siku ya kwanza. Ombi hilo ni la kawaida.

Jambo la mwisho ni kinga yenyewe, nalo karibu hakuna anayelifikiria. Mtu aliyesimama huona bahari kupitia juu ya kinga ya aina yoyote, lakini macho ya mtu aliyeketi kitini yako chini zaidi. Kinga ikiwa ya kioo, ataiona bahari yote. Ikiwa ya chuma kizima, kama ilivyo katika roshani nyingi zilizo karibu na omo, yaani sehemu ya mbele ya meli, na zile zilizokatwa ndani ya ubavu wa meli kwenye sitaha za chini, ataona ukuta mweupe na kipande cha anga. Queen Mary 2 ya Cunard, kwa mfano, ina roshani za ubavuni zenye kinga ya chuma, ambazo husifiwa kwa kukinga upepo wa Atlantiki, na sifa hiyo ni ya kweli, lakini aliyeketi hubaki akitazama chuma. Kwa hiyo uliza neno kwa neno: kinga ni ya kioo au ya chuma? Na je, mashua za uokoaji zinaziba mandhari ya kabini hii?

Ni sehemu gani ya meli iliyo bora?

Katikati ya meli, karibu na lifti lakini si mkabala nazo. Katikati huyumba kidogo kuliko omo na tezi (sehemu ya nyuma), na jambo hilo si dogo kwa mtu anayehama kutoka kitini kwenda kitandani wakati bahari imechafuka. Korido za meli ni nyembamba, na asubuhi hujaa vigari vya usafi, hivyo kila mita inayopunguzwa kati ya kabini na lifti ni nafuu. Kabini za tezi zina mandhari ya kupendeza na mara nyingi roshani zake ni kubwa, ila mtikisiko wa injini husikika zaidi huko na lifti huweza kuwa mbali.

Kwa nini kabini hizi hujaa mapema kiasi hicho?

Kwa sababu ni chache. Meli yenye kabini zaidi ya elfu moja inaweza kuwa na makumi machache tu za kundi hili, na hizo zimegawanywa kati ya zisizo na dirisha, zenye dirisha, zenye roshani na zile za kifahari. Zenye roshani ndizo zinazogombaniwa. Kwa msimu wa likizo ni busara kuhifadhi nafasi mwaka mzima kabla, na hata zaidi kwa njia zinazopendwa kama Alaska na Karibea. Wasiotegemea likizo za shule wana nafuu.

Je, ninaweza kuhifadhi kupitia intaneti peke yangu?

Unaweza kuangalia ramani za sitaha kwenye intaneti na kutafuta alama ya kiti cha magurudumu, na ni vizuri ufanye hivyo ili uwe na namba za kabini mkononi. Lakini kuhifadhi kwenyewe ni afadhali kufanyike kwa simu, kupitia idara ya kampuni inayoshughulikia abiria wenye ulemavu, au kupitia wakala mwenye uzoefu wa safari hizi. Kampuni nyingi hutoa fomu ya mahitaji maalumu, nayo ijazwe mara moja, ikitaja upana, urefu na uzito wa kiti pamoja na aina ya betri. Kila jibu unalopewa kwa simu liombe kwa barua pepe pia, likitaja namba ya kabini.

Usikubali nauli ya bei nafuu ambayo kampuni huichagulia abiria kabini baadaye. Nauli hiyo humfaa mtu ambaye kabini yoyote ya daraja lake inamtosha. Vilevile, mfumo ukikushawishi kupandishwa daraja bila malipo, kataa mpaka uhakikishiwe kwamba kabini mpya nayo ina milango mitatu inayopitika.

Je, kabini hizi ni ghali zaidi?

Chini ya kanuni za Marekani kampuni hairuhusiwi kumtoza mtu zaidi kwa sababu kabini yake ina vifaa vya watu wenye ulemavu: bei ni ya daraja la kabini husika, ingawa eneo lake ni kubwa zaidi. Gharama inayowashtua wengi ni ya msafiri aliye peke yake, kwani kabini hupangiwa bei ya watu wawili.

Nimesikia watu wasio na ulemavu huzichukua kwa ajili ya ukubwa wake. Sheria inasemaje?

Hutokea, na ni dhuluma, kwa sababu anayeinyakua kabini hiyo ili apate nafasi ya mabegi humfungia mwenzake safari nzima. Kanuni za Wizara ya Usafiri ya Marekani kuhusu meli za abiria zinaitaka kampuni imuulize anayehifadhi kama yeye au mwenzake ana ulemavu unaohitaji vifaa hivyo, na zinairuhusu imtake athibitishe kwa maandishi. Haziruhusu kumdai cheti cha daktari. Kabini hizo zinapaswa kushikiliwa mpaka kabini nyingine zote za daraja hilo ziishe, na mtu akishahifadhi moja, iondolewe katika mfumo ili asipewe mwingine. Kampuni ikiwa na sababu ya kushuku udanganyifu, lazima ichunguze.

Sheria za nchi gani zinanilinda, ikiwa meli ina bendera ya Bahamas au Panama, yaani imesajiliwa huko?

Mwaka 2005 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Spector dhidi ya Norwegian Cruise Line, iliamua kwamba sheria ya mwaka 1990 inayowalinda Wamarekani wenye ulemavu inazihusu pia meli zenye bendera za kigeni zinapokuwa katika maji ya Marekani, ingawa si kwa kiwango cha kuilazimisha kampuni kufanya mabadiliko makubwa ya kudumu katika umbo la meli. Barani Ulaya, kanuni namba 1177 ya mwaka 2010, iliyoanza kutumika Desemba 2012, inawahusu abiria wanaoanzia safari ya kitalii katika bandari ya nchi mwanachama wa Umoja wa Ulaya. Inawapa haki ya kusaidiwa bandarini na melini bila malipo, mradi watoe taarifa angalau saa 48 kabla, na haki ya kulipwa kiti kikiharibiwa kwa kosa la kampuni au la bandari. Mahitaji yanayohusu kabini hutakiwa kutajwa wakati wa kuhifadhi nafasi, si baadaye.

Anayepanda meli nje ya maeneo hayo, kama vile Ghuba, asidhani kwamba kanuni hizo zinamfuata. Huko mkataba wa tiketi na barua pepe za kampuni ndizo silaha zake, jambo linaloongeza uzito wa kuandikiana.

Kiti changu ni cha umeme. Kitachajiwa wapi?

Ndani ya kabini. Kampuni nyingi haziruhusu kiti wala skuta (kigari cha umeme cha mtu anayetembea kwa shida) kuachwa koridoni, kwa kuwa korido ni njia ya kutorokea wakati wa dharura. Uliza umbali kati ya soketi na mahali kiti kitakapolala, na uombe waya wa kurefushia kutoka kwa kampuni yenyewe, maana nyaya nyingi za nyumbani, hasa zenye kinga ya umeme, hunyang'anywa wakati wa ukaguzi. Hakikisha pia chaja yako inakubali umeme wa volti 110 na 220. Asiyetaka kusafiri na kiti kizito kwa ndege anaweza kukodi. Katika bandari nyingi za Marekani kampuni kama Scootaround na Special Needs at Sea hukodisha viti na skuta, vikapelekwa hadi melini.

Nitaweza kushuka katika kila bandari?

Hapana, na ni vyema kulijua hilo kabla ya kuchagua njia. Meli ikifunga gatini, abiria hushuka kwa daraja la kuunganisha meli na gati, ambalo mwinuko wake hubadilika maji yanapojaa na kupwa. Likiwa kali mno, subiri: saa mbili baadaye huenda likapitika kwa urahisi. Ikitia nanga nje, kama kawaida ya Santorini na George Town kisiwani Grand Cayman, abiria husafirishwa kwa boti ndogo, na kiti cha umeme kizito mara nyingi hakikubaliwi. Nahodha anaweza kukataza viti vyote bahari ikichafuka. Siku kama hizo roshani ndiyo hulipa thamani yake, lakini safari ambayo nusu ya bandari zake ni za nanga sipendekezi.

Meli za majira ya baridi zinazozunguka Dubai, Abu Dhabi na Doha hufunga gatini katika bandari hizo, jambo linaloifanya njia hiyo kuwa nyepesi kwa anayesafiri kwa mara ya kwanza, na kwa wasomaji wa Afrika Mashariki na Oman ni karibu pia. Kwa basi la matembezi, uliza kama lina mtambo wa kuinua kiti, na usilipie kabla ya kujibiwa.

Itakuwaje dharura ikitokea na lifti zikazimwa?

Meli hubeba viti maalumu vya kuteremshia watu ngazini, na wahudumu hupangiwa abiria wa kuwasaidia. Mpango huo hutegemea jina lako kuwamo katika orodha ya wanaohitaji kusaidiwa. Siku ya kwanza nenda mapokezi uthibitishe kwamba limo, uulize nani atakuja mlangoni kwako, na umweleze jinsi unavyopaswa kubebwa ikiwa una mgongo au nyonga isiyoruhusu kushikwa ovyo.

Kabini zote zimejaa. Nifanye nini?

Omba kuwekwa kwenye orodha ya kusubiri, kisha piga simu tena siku chache baada ya tarehe ya mwisho ya malipo kamili, ambayo kwa safari nyingi ni takriban miezi mitatu kabla ya kuondoka. Hapo wanaoghairi hughairi, na kabini huachiliwa. Angalia pia meli pacha ya kampuni hiyohiyo inayopita njia hiyo wiki nyingine. Usikubali kabini ya kawaida kwa ahadi kwamba "mtasaidiwa mkifika".

Nimefika, na kabini si ile niliyoahidiwa. Nianzie wapi?

Kabla ya kufungua mabegi, pima milango mitatu kwa futi uliyokuja nayo, upige picha zikionyesha vipimo, kisha ushuke mapokezi na barua pepe ulizohifadhi. Kwa safari zilizo chini ya kanuni za Marekani, kampuni inawajibika kuwa na afisa wa kutatua malalamiko ya abiria wenye ulemavu, hivyo mtake kwa cheo chake badala ya kuzungushwa. Fanya hivyo meli ikiwa bado imefungwa gatini, kwa sababu muda huo ndio ambao abiria wasiotokea hujulikana na kabini zao kuwa wazi.